Mawe 21 Yasiyo na Mnunuzi

Same ni mji wa kupita. Basi la Dar es Salaam likielekea Moshi au Arusha husimama hapa muda mfupi, na wachuuzi hulizingira na maji, biskuti, machungwa na saa. Saa zimevishwa mkononi mpaka karibu na kiwiko. Dereva hana subira, kwa hiyo biashara hufanyika kwa maneno machache, na baada ya miaka mingi maneno hayo yamegeuka mafundisho. Wapenzi wa saa wa huku, na wapo wengi kuliko mtu anavyodhani, kuanzia walimu wastaafu wa Usangi hadi vijana wa bodaboda wa Hedaru, wanayarudia kana kwamba yametoka kiwandani. Nimeyasikia stendi, nimeyasikia kwenye meza za mafundi, nimeyasikia hata mlangoni mwa kanisa. Mengi hayana ukweli. Machache yana ukweli nusu, na hayo ndiyo yanayowala watu fedha zaidi.

“Saa nzito ndiyo orijino.” Hili ndilo linalosikika kuliko yote, na ndilo dhaifu kuliko yote. Mtengeneza feki anajua kwamba utaipima kwa kiganja, kwa hiyo kitu cha kwanza anachoongeza ni chuma. Chuma ni rahisi, mashine ndiyo ghali. Ajabu ni kwamba dai hili linatamba katika nchi ya Washana, wahunzi wa Ugweno waliofua chuma vizazi na vizazi, ambao wangekuambia kwamba wingi wa chuma hauonyeshi ufundi wa mtu. Chukua Casio F-91W, saa ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na inayotengenezwa mpaka leo. Uzito wake ni gramu 21. Kuijaribu hakuhitaji mizani: kandamiza kitufe cha upande wa kulia kwa sekunde tatu bila kukiachia, na jina la Casio litajiandika kwenye kioo. Feki nyingi hushindwa hapo. Na kule juu kwenye bei za kutisha kuna saa za titani, madini mepesi kuliko chuma, ambazo mnunuzi wetu wa stendi angezirudisha kwa dharau.

“Mshale wa sekunde ukiteleza, hiyo ni ya ukweli. Ukirukaruka, ni mchina.” Kuteleza kwenyewe ni macho yetu kutudanganya. Mshale wa Seiko 5 huruka mara sita ndani ya sekunde moja, na wa Rolex nyingi za siku hizi huruka mara nane. Saa ya betri huruka mara moja tu, ili kubania umeme. Mtelezo, basi, unakuambia kwamba ndani kuna springi. Haukuambii nani aliiweka. Viwanda vya China vinatoa mashine za springi kwa wingi, na mishale yake inateleza vizuri tu. Kwa upande mwingine Rolex wenyewe walianza kuuza Oysterquartz mwaka 1977, mshale ukiruka sekunde kwa sekunde, na ilikuwa Rolex halali kwa bei ya Rolex. Jirani zetu wa Uganda wana rolex yao ya chapati na mayai. Ile angalau ukiikata unaona kilichomo.

“Imeandikwa Japan, kwa hiyo ni Mjapani.” Soma maandishi yote. Yale madogo chini ya namba sita husema Japan Movt, yaani mashine ndiyo ya Kijapani. Kasha, kioo, mishale na mkanda vinaweza kuwa vimetoka popote. Mashine hiyo mara nyingi ni ya Miyota, kampuni iliyo chini ya Citizen, inayowauzia watengenezaji wa dunia nzima, na zile zake za betri za bei ya chini ni ngumu na hazina makuu. Inunue bila aibu, ila usitoe bei ya Citizen kwa kasha lisilo na mwenyewe.

“Hii ina mawe 21, mwalimu. Ukikwama unayatoa unauza.”

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dai hili lina mizizi ya kwetu. Mererani, ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, iko ng'ambo ya nyika. Mashariki, ukishaipita Hifadhi ya Mkomazi kuelekea mpaka wa Kenya, kuna Bonde la Umba lenye yakuti na garneti zinazojulikana na wauza vito wa nchi za mbali. Ni vigumu kupata kijiwe hapa katikati ambacho hakina mtu aliyewahi kuingia shimoni, au aliyewahi kuzunguka na karatasi iliyokunjwa mfukoni akiwa dalali wa mawe. Mtu wa namna hiyo akisoma neno “jewels” kwenye uso wa saa, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwenye mizani ya karati. Zipo Seiko nzima, zinazotembea, zilizofunguliwa kwa kisu cha jikoni kwa tamaa hiyo na hazikutembea tena.

Mawe yapo kweli. Na kikemia ni rubi kweli: oksidi ya alumini yenye chembe za kromiamu zinazoitia wekundu. Ila hayakutoka ardhini. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kupitisha unga wa alumina kwenye mwali wa hidrojeni na oksijeni, unga ukayeyuka, ukadondoka na kujijenga kuwa kijiti cha rubi. Tangu wakati huo rubi za saa zimekuwa mazao ya kiwanda, hukatwa na kutobolewa kwa maelfu. Jiwe moja lina upana wa milimita moja hivi, au pungufu, na thamani yake sokoni haifiki nauli ya kwenda kuliuza. Dalali wa Mererani hatalikataa kwa maneno, atalipuliza tu likadondoka.

Kazi yake ni nyingine kabisa. Magurudumu ya saa huzunguka kwenye ncha nyembamba za chuma, na chuma kikizunguka ndani ya chuma hulana. Rubi ni ngumu mno na hukubali kusuguliwa hadi ikawa laini, kwa hiyo ncha ikizunguka ndani ya tundu la rubi, kwa tone dogo la mafuta, inadumu miaka mingi. Saa ya kutia ufunguo hutosheka na mawe 17. Ya otomatiki huhitaji mengine machache ya ziada. Ukivuka hapo sana unaingia kwenye mbwembwe. Katika miaka ya 1960 watengenezaji walishindana kuyarundika, hadi Orient wakatoa Grand Prix ya mawe 100, mengi yakiwa hayabebi mzigo wowote. Mwishowe shirika la kimataifa la viwango likaweka kanuni, ISO 1112, kwamba yatangazwe yale tu yanayofanya kazi. Hivyo mpenzi wa saa anayeikataa ya mawe 17 akidai ya 25 anarudia ubishi ambao wenye viwanda wenyewe walishaufunga.

“Mpenzi wa kweli havai saa ya betri.” Hili limekuja kwa simu, kwa video za watu wa Ulaya na Marekani wanaovaa mkononi bei ya nyumba. Limepata mahali pa kushika kwa kuwa wazee wetu nao walivaa otomatiki na walizipenda. Lakini sababu ya wazee ilikuwa nyingine.

Seiko 5 ilitoka mwaka 1963, na ile tano ni ahadi: ijijaze yenyewe, ionyeshe siku na tarehe kwenye kidirisha kimoja, istahimili maji, kifundo chake kikae kwenye namba nne kikiwa kimejificha, na kasha na cheni viwe imara. Ipeleke ahadi hiyo kwa mwalimu wa Chome au karani wa mashamba ya mkonge Makanya, mwishoni mwa miaka ya 1970. Fedha za kigeni hakuna, sabuni ni ya foleni, na mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi ambao ulifanya hata mwenye bidhaa halali aifiche. Kibetri cha saa angekipata wapi? Saa inayojijaza kwa mtikisiko wa mkono wa mtu anayepanda mlima ilikuwa hesabu safi. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, mwaka uliofuata akaingia Ikulu Mzee Mwinyi, na saa za betri zikamiminika. Wazee wengi walizihamia bila kinyongo. Hawakuwa wafuasi wa springi. Walitaka kujua ni saa ngapi.

Na kama hoja ni usahihi, otomatiki haina pa kusimama. Kwa mashine ya 7S26, iliyobeba Seiko 5 kwa miaka mingi, kiwanda chenyewe kinakubali ichelewe hadi sekunde 20 au iwahi hadi sekunde 40 kwa siku. Kwa F-91W, Casio wanakubali sekunde 30 kwa mwezi. Maana yake Seiko isiyo na kasoro yoyote inaweza kukosea zaidi ndani ya siku moja kuliko Casio ndani ya mwezi mzima, na bado fundi akakuambia ni nzima. Siri ya saa ya betri ni kipande cha kwatsi ambacho katika saa za leo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Walioifikisha sokoni saa ya kwanza ya mkononi ya namna hiyo, siku ya Krismasi ya mwaka 1969, ni haohao Seiko. Iliitwa Astron na iliuzwa yeni 450,000, bei iliyokaribia ya gari dogo. Kwa hiyo anayedharau betri kwa kuitetea Seiko anamtukana mtoto mbele ya baba.

Mimi mwenyewe navaa ya springi na sitetei usahihi wake. Napenda mlio wake, basi. Wanaogombania sekunde hapa Same nao wakumbuke kitu kimoja: saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya digrii 45, ambayo haigusi Tanzania hata kidogo, nasi tuko karibu na digrii 38. Kwa wastani jua linatufikia utosini karibu saa sita na nusu. Saa zetu zote, za betri na za springi, ziko mbele ya jua kwa nusu saa, na hakuna aliyewahi kulalamika.

“Ya kiume lazima iwe kubwa.” Rolex Datejust ilipotoka mwaka 1945 ilikuwa na milimita 36, na Seiko 5 nyingi za wazee ziko hapohapo. Saa ya milimita 46 kwenye mkono mwembamba hujigonga kwenye usukani wa pikipiki. Tuendelee.

“Imeandikwa Water Resistant, hata kuogea ruksa.” Zile mita 30 zilizoandikwa mgongoni hazina maana kwamba unaweza kuzama mita 30. Ni shinikizo la maabara, saa ikiwa mpya na imetulia. Katika maisha ya kawaida ni jasho, manyunyu na kunawa mikono. Ukitaka kuogelea tafuta ya mita 100, na ukitaka kuzamia kuna kiwango chake mahsusi, ISO 6425. Lakini huku kwetu kuna jaribio lingine ambalo wauzaji hawalitaji. Same iko upande mkavu wa mlima, na joto lake halihitaji kuelezwa. Panda gari kuelekea Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, na ndani ya saa chache uko kwenye ukungu na baridi ya kutafuta sweta. Hewa yenye unyevu iliyofungiwa ndani ya saa ikipoa kwa haraka hutona matone chini ya kioo. Mwenye saa anaapa kwamba haijagusa maji, na anasema kweli. Maji yaliingia yakiwa hewa. Ukungu huo ukirudi kila unapopanda, raba ya mgongo imechoka. Raba ni ya bei ndogo sana kuliko mashine iliyoota kutu, nayo inakaguliwa kirahisi siku ya kubadili betri kwa kuwa mgongo umeshafunguliwa. Shida ni kwamba wengi tunamharakisha fundi.

“Saa ni pambo, na muumini hajipambi.” Hili ni la milimani, Pare Kusini hasa. Waadventista Wasabato walianzia Mamba Giti mwaka 1903, walipofika wamisionari Ehlers na Enns, na hapo ndipo kanisa hilo lilipoota mizizi kwa mara ya kwanza katika nchi hii. Hereni, mikufu, hata pete ya ndoa, vimekuwa vikitazamwa kwa shaka na waumini wengi wa kanisa hilo. Saa ilinusurika kwa sababu ina kazi. Huko Marekani wachumba wa Kiadventista walizoea kupeana saa badala ya pete ya uchumba, na hakuna mzee wa kanisa aliyepiga kelele. Tena mtu ambaye Sabato yake inaanza jua likizama Ijumaa ana haja ya saa kunizidi mimi. Nitakubali jambo moja tu. Saa iliyopakwa dhahabu na kuzungushiwa vijiwe vya kumetameta imeshavuka mpaka, ila jasho la Same litaibabua rangi kabla mchungaji hajafungua kinywa.

“Mpare hanunui saa ya maana, ubahili haumruhusu.” Watani zetu wa Moshi wana haki ya kusema, ndiyo kazi ya mtani. Lakini waangalie historia. Serikali ya kikoloni ilipoleta kodi ya makadirio, ile iliyoitwa mbiru, Wapare waliigomea. Kulipa walikuwa wamezoea. Walichokataa ni kiasi kilichokadiriwa kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuwaeleza. Mwaka 1945 maelfu walishuka milimani wakajaa Same, na haukupita muda mrefu kodi ile ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya mgomo huo. Mjukuu wao akisimama mbele ya muuzaji akauliza kwa nini saa hii ni laki tatu na ile ni elfu thelathini ilhali mashine ni ileile ya Miyota, muuzaji ana deni la jibu. Wapenzi wengi wa saa wa Ulaya wangeokoa fedha nyingi kama wangeuliza hivyo.

“Saa kuukuu ni mali, iweke itapanda.” Dai hili lina mifano ya kweli na ndiyo maana ni la hatari. Mwezi Oktoba 2017, huko New York, Rolex Daytona ilipigwa mnada kwa dola milioni 17.75. Lakini ilikuwa ya mwigizaji Paul Newman mwenyewe, aliyopewa na mkewe. Karibu zaidi na Waswahili kuna zile Rolex alizoagiza Sultani Qaboos wa Oman katika miaka ya 1970, zenye alama ya hanjari kwenye uso, ambazo nyingine aliwazawadia Waingereza waliopigana upande wake. Wakusanyaji wanazigombea. Kinachonunuliwa pale ni habari ya saa, pamoja na ushahidi wake. Seiko 5 ya babu ilitengenezwa kwa mamilioni, haina karatasi, na pengine uso wake umepakwa rangi upya na fundi mwenye nia njema, jambo ambalo wakusanyaji hawalisamehe. Hao hao, cha kuchekesha, hulipa zaidi kwa uso mweusi uliobabuliwa na jua ukawa wa kahawia, na huuita wa kitropiki. Kwa hesabu hiyo Same nzima tungekuwa matajiri, ila wanalipia Rolex na Omega zilizobabuka. Nyingine zote zikibabuka zimebabuka. Iweke ya babu kwa sababu ni ya babu.

Na kama ni ya zamani sana, ya kabla ya miaka ya 1960, yenye namba zilizokuwa ziking'aa gizani, angalia. Rangi nyingi za enzi hizo zilikuwa na radiamu. Mwanga umezimika, mionzi haijaisha: inachukua takribani miaka 1,600 kupungua nusu. Hatari kubwa iko kwenye vumbi lake, kwa hiyo asitokee kijana wa kuifungua, kuikwangua na kuipuliza.

“Simu imeua saa.” Nenda kwenye ndiva. Kwenye miteremko ya Bangalala na kuelekea Makanya maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye mabwawa madogo tuliyorithi, na wakulima hugawana kwa zamu. Mtu aliyesimama kwenye mfereji, jembe mkononi, matope hadi magotini, hatoi simu mfukoni kujua kama zamu ya jirani imekwisha. Muuguzi anayehesabu mapigo ya mgonjwa anataka mshale wa sekunde. Na kwenye chumba cha mtihani wa taifa simu hairuhusiwi kabisa.

“Mafundi wameisha.” Hili ndilo lenye ukweli kuliko mengine. Wa kubadili betri na mkanda utampata kila stendi. Anayeweza kuivunja mashine ya springi, kuisafisha na kutia mafuta mahali pake bila kuyamwaga kila mahali, ni wa kutafutwa, na mara nyingi ni mtu mzima. Vijana waliorithi meza hizo wameongeza skrini za simu, na skrini ndizo zinazowalisha. Lakini wameisha? Hapana. Waliobaki wamechagua nini cha kutengeneza, na uchaguzi wao ndio ungepaswa kuongoza ladha zetu kuliko video yoyote. Wanazipenda Seiko kuukuu kwa sababu ni nyingi, vipuri vinaingiliana, na iliyokufa hulisha zilizo hai. Saa ya springi ya chapa isiyojulikana ilikotoka, hata iwe ya laki mbili, gurudumu likivunjika ndiyo mwisho wake. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, mpelekee fundi aifungue mgongo, halafu muulize kama ana mashine ya namna hiyo kwenye kopo lake la vipuri. Akikuambia hajawahi kuiona, usiichukue hata kwa nusu bei.